Sura ya Sita: Kosa Lenye Tarehe na Kiasi

"Nikikubali kwamba nimekosea, nani atanikopesha tena?"

Vijana wanaofanya biashara huliuliza swali hili kwa namna nyingi. Mmoja anataka kujua kama amwambie mwenye duka kwamba hela yake haipo, au azime simu mpaka mambo yakae sawa. Mwingine anawaza wazazi, hasa ikiwa mtaji ulitokana na ng'ombe aliyeuzwa au kipande cha kihamba, shamba la familia, kilichowekwa rehani. Wapo pia wanaouliza kwa uchungu: mbona waliofanikiwa hatuwasikii wakikiri chochote?

Nawaandikia hasa vijana wa Bomang'ombe. Mji huu upo kwenye barabara kuu ya Moshi na Arusha, pale inapochepuka njia ya Sanya Juu. Ni makao makuu ya Wilaya ya Hai, na biashara ndogo huzaliwa na kufa hapa upesi sana. Fremu iliyokuwa saluni wakati wa Pasaka unaikuta inauza vifaa vya simu kufikia Nanenane. Katika mji wa ukubwa huu kila mtu anajua duka lililofungwa lilikuwa la nani, na habari hufika nyumbani kabla ya mwenyewe.

Jibu langu ni kwamba ukiri, na ukiri mapema. Ila kukiri ninakokusema kunaanzia kwenye daftari. Mtu anayesema "nisameheni, biashara imenishinda" ameonyesha unyenyekevu, lakini hajasema kosa lake ni lipi, na kesho atalirudia. Kosa la biashara linakirika likiwa na tarehe, kiasi na uamuzi uliofanywa siku ile.

"Kuku walikufa"

Tuchukue mfano wa kubuni, wa biashara ambayo karibu kila mtaa wa Bomang'ombe unayo: kuku wa nyama. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake.

Kijana ananunua vifaranga 500 kwa shilingi 1,800 kila kimoja, jumla 900,000. Mpaka wiki ya tano watakula mifuko 32 ya chakula ya kilo 50, na kila mfuko ni shilingi 75,000. Hapo ni 2,400,000. Chanjo, maranda ya kutandika bandani na mkaa wa kuwapa joto, kwa kuwa usiku wa Juni na Julai chini ya Mlima Kilimanjaro baridi haina utani, ni 250,000. Jumla ya gharama ni 3,550,000. Akiuza kuku wote kwa 7,500 atapata 3,750,000, na faida yake ni 200,000.

Mwisho wa yote kijana huyu anajikuta na hasara ya 700,000. Ukimuuliza kulikoni, anajibu: "Kuku walikufa." Na kweli walikufa, 30. Watu wanampa pole, naye anakubali pole zao. Mwezi unaofuata anatafuta dawa kali zaidi.

Sasa tufungue daftari. Kuku 30 waliokufa wangemwingizia 225,000. Hayo ni maumivu, lakini hayafiki hata theluthi moja ya hasara. Zilizobaki zimekwenda wapi?

Kuku walipofikisha wiki tano hakuwa na mnunuzi. Alikuwa amesikia kwamba hoteli za Moshi zinachukua kuku wengi, akadhani siku ikifika atapiga simu mbili tatu na banda litakuwa tupu. Simu zilipigwa. Mmoja alishapata kuku kwingine, mwingine alitaka 50 tu, wa tatu akamwambia aje Jumatatu. Siku sita zikapita. Kuku 470 wa umri ule wanakula karibu kilo 75 kwa siku, yaani mfuko mmoja na nusu, ambao ni shilingi 112,500 kila jua linapochomoza. Kwa siku sita ni 675,000. Kuku walizidi kunenepa, lakini kwa kuwa wanauzwa kwa kichwa, unene ule hakuna aliyeulipia.

Jumlisha 225,000 na 675,000 upate 900,000. Toa kwenye faida ya 200,000 aliyoitegemea, na hasara ya 700,000 inaonekana wazi, shilingi kwa shilingi.

Kwa hiyo kosa lake hasa halikutokea siku kuku walipoanza kufa. Lilitokea zaidi ya mwezi mmoja nyuma, asubuhi aliyopokea maboksi ya vifaranga bila kuwa na mtu hata mmoja aliyeahidi kununua. Sentensi ya kukiri inakuwa hivi: "Tarehe fulani niliingiza vifaranga 500 kabla ya kupata mnunuzi, na kungoja kukanigharimu 675,000." Anayeweza kuitamka sentensi hiyo hahitaji dawa kali zaidi. Anahitaji kwenda kuongea na wenye hoteli na mabucha kabla ya kuagiza vifaranga, na pengine aanze na 150.

Haya yaliwezekana kwa sababu alikuwa na daftari la chakula lililoonyesha kila mfuko uliotoka stoo na siku uliyotoka. Bila daftari hilo angebaki na kumbukumbu, na kumbukumbu hushika lile lililoumiza macho, yaani kuku waliolala chali bandani. Mifuko tisa ya ziada haikumuumiza mtu macho.

*Kwa kifupi: kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba umekosea, andika hasara yote, igawe kwa sababu zake, kisha tafuta uamuzi uliozaa sehemu kubwa kuliko zote. Huo ndio wa kukiri.*

Balaa, mkumbo na husuda

Yapo mambo ambayo kijana hana sababu ya kuyabeba kama makosa yake. Mwaka 2020, Uviko-19 ulipositisha safari za ndege, vijana waliokuwa wakiishi kwa wageni wa uwanja wa ndege wa KIA, wapanda mlima na watembeleaji wa chemchemi ya Chemka walikosa kazi bila kosa lolote. Hilo lilikuwa balaa, na balaa halikiriwi.

Lakini balaa na kosa hupenda kuja pamoja, na kazi ya mtu mzima ni kuvitenganisha. Kijana aliyenunua gari la watalii kwa mkopo mwaka 2019, akatumia kila senti ya msimu mzuri bila kuweka akiba ya marejesho hata ya miezi mitatu, aliangushwa na vyote viwili. Ugonjwa haukuwa wake. Akiba iliyokosekana ilikuwa yake. Akisema tu "korona ilinimaliza" amesema nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo itakayomsubiri kwenye msimu mwingine mbaya.

Mkumbo ni jambo jingine. Mwaka 2013 na 2014 wenzetu wa Kenya walivamia ufugaji wa kware kwa maelfu. Mayai yalisifiwa kuwa dawa, bei ikapaa, na waliotangulia wakapata fedha nzuri, nyingi zikitoka kwa wageni waliokuja kununua ndege wa kuanzia. Wanunuzi wa kula walikuwa wachache. Kila mtu alipokuwa na kware wake, soko lilianguka na watu wakabaki na mabanda. Kwetu mkumbo umepita kwenye matikiti na kwenye kilimo kinacholipa sana kikiwa kwenye karatasi. Aliyefuata mkumbo hujitetea kwamba wengi walipotea. Utetezi huo haumsaidii, kwa sababu swali alilopaswa kujiuliza lilikuwa lake peke yake: mtu wa mwisho anayekula kitu hiki ni nani, na anaishi wapi?

Kuhusu husuda sitaongea sana. Kwamba jirani anakuonea kijicho inaweza kuwa kweli. Ila ukiandika "husuda" kwenye daftari la hasara, andika mbele yake kiasi cha fedha na siku kilipotoka. Ukishindwa kukijaza, ifute.

Mtu wa Machame tunayemsimulia nusu

Hakuna kijana wa Hai asiyejua habari za Reginald Mengi. Mtoto wa Machame, aliyekulia kwenye umaskini, akaanza miaka ya 1980 kuunganisha kalamu nyumbani kwake wakati kalamu ni adimu madukani, na mpaka anafariki Mei 2019 alikuwa na viwanda, vinywaji, redio na televisheni. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 2018, na habari ya kalamu imesimuliwa kwenye semina nyingi za ujasiriamali mpaka vijana wanaijua kwa moyo.

Nusu isiyosimuliwa ni kwamba kabla ya kuuza kalamu ya kwanza, Mengi alikuwa mhasibu. Alisomea uhasibu Scotland, akafanya kazi Coopers & Lybrand, kampuni ya kukagua hesabu za makampuni mengine, na akaiongoza hapa nchini mpaka mwaka 1989. Ukaguzi ni kazi ya kufungua madaftari ya watu kila siku na kuona fedha ilipopotelea. Mtu aliyeifanya kwa miaka akija kuanzisha biashara yake, anaona kosa lingali dogo.

Naamini tunawakosea vijana tunapowapa kalamu tukawanyima uhasibu. Tunawaambia wathubutu, nao wanathubutu, kisha wanaanguka bila kujua wameangukia wapi. Uhasibu wa kuanzia hauhitaji chuo. Daftari la mistari linatosha, lenye safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, na nani anadaiwa au anadai. Likijazwa kila jioni kabla ya kufunga duka, linamzidi mshauri yeyote.

Waliokosea mbele za watu

Kukiri hadharani si desturi ya wafanyabiashara wengi wa kwetu, lakini mifano ipo. Mwaka 2018 Tesh Mbaabu na mwenzake Mesongo Sibuti walianzisha MarketForce jijini Nairobi. Huduma yao ya RejaReja iliwawezesha wenye maduka madogo kuagiza bidhaa kwa simu na kuletewa mpaka mlangoni, na ikaenea nchi kadhaa za Afrika. Februari 2022 walitangaza kupata dola milioni 40 za wawekezaji na wakopeshaji. Miaka miwili baadaye, 2024, RejaReja ilifungwa karibu kila mahali.

Mbaabu angeweza kunyamaza. Alijitokeza akaeleza kwamba faida iliyobaki kwa kila bidhaa ilikuwa nyembamba mno kubeba gharama za kuisambaza, huku washindani wakipunguziana bei. Kisha akaendelea na kazi nyingine, Chpter, ya kuwasaidia wafanyabiashara kuuza kupitia mitandao ya kijamii. Tazama alichokitaja: faida kwa kila bidhaa. Ni kosa la jamii moja na la kuku wetu, faida nyembamba kumezwa na gharama, ila lina sifuri nyingi zaidi. Ukipata shilingi mbili kwa kitu kinachokugharimu tatu kukifikisha, kuuza vingi kunakumaliza mapema.

Na hapa mlimani kwenyewe kuna mfano wa zamani kuliko huo. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa Kichagga walianzisha Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Chama kilipigania haki ya Waafrika kulima na kuuza kahawa, jambo ambalo walowezi hawakulipenda. Bei ya dunia ilipoanguka mwishoni mwa muongo ule, chama kikajikuta kwenye madeni na ugomvi wa fedha. Wakulima hawakuacha kahawa. Mwaka 1933 ukasimama muundo mwingine, KNCU: vyama vya msingi huku vijijini, kila kimoja na hesabu zake, na juu yake muungano wa kuuza. Serikali iliuvunja mwaka 1976, ukarudi mwaka 1984, na upo mpaka leo. Kilichobadilika kati ya 1925 na 1933 hakikuwa bidii ya wakulima wala ubora wa udongo. Ni namna fedha ilivyoshikwa na aliyewajibika kuitolea hesabu.

Umwambie nani, na lini

Hapa ndipo swali letu la mwanzo linapopata jibu. Kinachomfanya mdai akukimbie ni kushtukizwa. Tarehe ya kulipa ikipita kimya, anaanza kuuliza watu, na kila anayemuuliza anaongeza la kwake. Ukimwendea kabla ya tarehe, habari anaipata kwako.

Kijana wetu wa kuku alichukua chakula kwa mkopo katika duka la mifugo, na anadaiwa 700,000 zinazotakiwa Ijumaa. Siku ya Jumanne anaingia dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuku wanaendeleaje?"

"Wameisha, mama, ila vibaya. Nimekuja mapema kwa sababu Ijumaa sitakuwa na hela yote. Unanidai laki saba. Leo nimekuletea laki moja na nusu. Nilikosea: niliingiza vifaranga sijapata mnunuzi, wakakaa siku sita zaidi wakila chakula chako. Naomba hiyo laki tano na nusu niilipe kwa miezi mitano, laki moja na elfu kumi kila mwezi."

"Na ukikwama mwezi mmoja?"

"Nitakuja kukuambia kabla, kama leo. Na sichukui mfuko mwingine kwa mkopo mpaka nimalize."

Mama huyu anaweza kukasirika, na ana haki. Anaweza kukataa miezi mitano akataka mitatu. Lakini anajua ana nini mkononi. Mazungumzo yale yalikuwa na:

- kiasi kamili cha deni, kilichotamkwa na mdaiwa mwenyewe;
- kosa moja, lake, bila kumsingizia mtu;
- fedha taslimu, hata kama ni kidogo;
- ratiba anayoweza kuitimiza, na ahadi ya kutoongeza deni.

Hakumtaja mgonjwa wala msiba. Mdai akishasikia msiba anaona aibu kudai, na deni linageuka kuwa kinyongo.

Kabla ya mwenye duka, hata hivyo, yupo mtu ambaye vijana wengi humsahau: yule kijana mdogo aliyekuwa akiamka saa kumi usiku kulisha kuku na kuongeza mkaa. Mshahara wake ulipwe kwanza. Yeye hakufanya uamuzi wa vifaranga 500, na hana mtaji wa kumvusha mwezi.

Kama mtaji ulitokana na mkopo wa halmashauri, unaotolewa kutoka asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, basi wa kuambiwa kwanza ni wanakikundi. Mikopo ile haina riba, lakini hutolewa kwa kikundi, na anayenyamaza anawafunga na wenzake. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha nchi nzima kwa sababu fedha nyingi hazikuwa zikirejeshwa, na ilirejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vilivyokuwa vikilipa vizuri navyo vilikaa bila mkopo muda wote huo.

Kuna mlango mmoja ambao ningemshika mkono kijana yeyote asiuingie: kukopa kwa "kausha damu" ili kuficha kosa. Ndiyo mikopo ya haraka yenye riba ya kunyonya, ya mtaani au ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii huwatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yako ukichelewa. Ulikopa ili mama wa dukani asijue. Sasa anajua mchungaji, anajua shemeji, na deni limeongezeka.

Wala usikimbilie kukiri mitandaoni: huko hakuna anayekudai maelezo. Wanaostahili kuambiwa ni wale ambao fedha yao, jasho lao au jina lao limo ndani ya biashara.

*Kwa kifupi: mfanyakazi kwanza, kisha wenzako wa kikundi kama mkopo ni wa kikundi, kisha wadai wengine kabla ya tarehe zao, siku hiyohiyo ukiweza. Kila mmoja apewe namba zilezile.*

Desemba

Wengi wakishamaliza yote hayo hubaki na mtu mmoja wasiyeweza kumkabili, naye ni mzee nyumbani.

Desemba mlima hujaa. Waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi kula Krismasi kwenye vihamba vyao, na baada ya sikukuu ndugu hukaa kikao kuzungumza mambo ya ukoo. Kwa kijana aliyepoteza fedha ya familia, mwezi huo ni mzito. Wapo wanaosingizia kazi ili wasipande Machame au Masama, ilhali kutoka Bomang'ombe ni nauli ndogo tu.

Wachagga wana desturi kwa ajili ya saa hiyo. Aliyekosa huenda na jani la isale, mmea uleule unaopandwa kwenye mipaka ya kihamba, kuomba msamaha, na aliyekosewa akipelekewa isale huona vigumu sana kukataa. Naiheshimu desturi hii kwa moyo wote. Imezuia koo nyingi kuvunjika. Inampa kijana njia ya kuingia nyumbani, na inampa mzee njia ya kumpokea bila kujishusha.

Lakini msamaha haulipi benki. Nimeona familia zikisameheana vizuri Desemba, na kufikia Machi ugomvi ukawa mbaya zaidi, kwa kuwa siku ya isale hakuna aliyetaja kiasi. Mzee alisamehe akidhani ni laki tatu, kumbe ni milioni nne na kihamba kimo ndani. Ukienda na jani, nenda na daftari. Baada ya chakula omba dakika chache, kwa baba au baba mdogo anayesimamia kikao, usome: nilichukua kiasi hiki, siku hii, nikaamua hivi, kikapotea hiki, nadaiwa na hawa, nimeshalipa hiki. Soma polepole, usijitetee. Maswali yatakuja, mengine makali, hasa kutoka kwa kaka aliyetuma fedha kila mwezi. Yajibu kwa namba.

Kama kihamba kimewekwa rehani, kikao kisivunjike bila mpango wa kukikomboa ulioandikwa, wenye kiasi cha kila mwezi na jina la anayelipa. Kama wewe na mwenzako wa ndoa mmesimama humo pamoja, awepo na asikie. Nakala moja iwe yako, nyingine ishikwe na ndugu anayeishi palepale nyumbani, kwa sababu hao wengine tarehe 2 Januari watakuwa kwenye mabasi ya kurudi Dar.